Aliyeingia Njoro Siye Aliyetarajiwa

Ukishuka matatu ya Nakuru kwenye lango la Chuo Kikuu cha Egerton, usiingie kwanza. Geuka uende Njokerio. Mashamba madogo ya mahindi na mboga yaliyopakana na chuo yamegeuka ploti za vyumba vya kupanga, vingine vya mabati, vingine vya mawe, nguo zimeanikwa mbele ya kila mlango. Kuna saiba za kuchapisha karatasi, vibanda vya chapati na maharagwe, maduka ya M-Pesa, kinyozi, na wauzaji wa mitungi midogo ya gesi. Wapangaji wengi ni wanafunzi. Chuo hakikuwajengea pa kulala, wala hakijui vizuri wanakula nini jioni.

Nimeanzia Njokerio kwa sababu mjadala wetu wa elimu ya juu umezoea kuanzia Nairobi, kwenye ofisi za wizara na kumbi za mahakama, na kumfikia mwanafunzi ukiwa umechoka. Anayetaka kujua hali ya vyuo katika Bonde la Ufa la kati, kutoka Njoro hadi Nyahururu, Kabarak hadi Kericho na Narok, aanze kwa kuuliza ni nani hasa anayesoma humu leo. Jibu limebadilika mara kadhaa katika miaka themanini na ushei, na kila lilipobadilika, chuo kiliendelea kumwandalia yule aliyetangulia.

Wa kwanza kuandaliwa alikuwa kijana wa Kizungu. Mwaka 1939 Maurice Egerton, Baron wa Tatton, mlowezi mwenye ardhi kubwa Njoro, alitoa ekari 740 ili ianzishwe shule ya kuwafunza vijana wa Ulaya kazi ya ukulima. Mwaka 1950 shule ilipandishwa hadhi ikawa chuo cha stashahada. Mwaka 1958, ndio mwaka aliofariki, Egerton aliongeza ekari nyingine 1,100, na muda mfupi baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika. Hapo ndipo Njoro ilipoanza kutoa mabwana shamba Waafrika, wale waliokuja kujulikana vijijini kwa buti za mpira na daftari kwapani. Mwaka 1986 Egerton ilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1987 sheria ya Bunge ikaifanya chuo kikuu kamili.

Mwanafunzi wa 1987 tunamkumbuka vizuri, maana ni mjomba wetu, au ni shangazi yule mmoja ambaye familia nzima ilimtaja kwa fahari. Alichaguliwa na JAB, bodi ya pamoja ya vyuo, kutoka kundi dogo la waliofaulu kidato cha sita. Alilala bwenini, akala katika mesi ya chuo kwa gharama ya umma, na muhula ulipoanza akapokea fedha za matumizi alizoziita boom. Alipomaliza, wizara au shirika la umma lilikuwa likimngoja. Mara nyingi alikuwa mvulana. Mabweni, mesi na maktaba ambazo bado zinatumika hadi leo zilipangwa kwa kipimo chake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Benki ya Dunia ikiishinikiza serikali ipunguze matumizi, boom iliondolewa, kila mtu akaanza kulipia sahani yake, na wazazi wakaambiwa wachangie. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ikaundwa mwaka 1995. Karo ya mwanafunzi wa serikali ikawa shilingi 16,000 kwa mwaka, na kiasi hicho hakikuguswa kwa takriban miaka 30. Wapo wanaoitaja karo hiyo kama huruma kwa maskini. Mimi naiona kama woga. Hakuna aliyethubutu kumweleza mzazi gharama halisi ya kumsomesha daktari wa mifugo au mhandisi, na serikali nayo haikutoa tofauti yote iliyobaki. Gharama ilipanda kila mwaka na karo ikasimama palepale. Aliyebeba pengo ni chuo chenyewe, kimyakimya, kwa kuahirisha kulipa madeni yake.

Pengo hilo likazibwa kwa muda na mwanafunzi mwingine kabisa, yule anayejilipia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya parallel mwaka 1998, na vingine vikafuata mbio. Katikati ya mji wa Nakuru, orofa za juu ya maduka zikageuzwa kumbi za mihadhara. Vyuo vikuu vya Jomo Kenyatta, Kenyatta, Mount Kenya, Methodist na vingine vikafungua matawi, na Egerton yenyewe ikaweka bewa mjini. Waliozijaza kumbi hizo ni walimu wa shule za msingi wenye cheti cha P1, makarani, wauguzi, na watu waliomaliza sekondari miaka kumi nyuma wakakosa nafasi ya JAB kwa pointi chache. Walisoma jioni na Jumamosi. Walimu walisoma likizo, wakibeba mabegi kuelekea Nyahururu au Njoro wiki ileile wanafunzi wao wanapofunga shule. Kuna mabaya mengi yaliyosemwa kuhusu parallel, na mengine ni ya kweli: darasa la watu mia tatu, mhadhiri anayekimbia kutoka tawi moja hadi lingine, mtihani unaosahihishwa usiku. Hata hivyo, ni parallel iliyomfungulia mwalimu wa Rongai au Subukia mlango ambao mtihani mmoja wa ujana ulikuwa umemfungia. Haki hiyo niliipenda, na bado naipenda.

Kisha ikaja KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ya 2016. Waziri wa Elimu Fred Matiang'i na mwenyekiti wa baraza la mitihani George Magoha waliziba mianya ya wizi wa mtihani, na matokeo yakaanguka kama jiwe. Mwaka 2015 waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 169,492. Mwaka 2016 wakawa 88,929. Mwaka 2017 wakabaki 70,073. Vyuo vikawa na nafasi nyingi kuliko watu. Kila aliyefikisha C+ aliweza kupata nafasi ya kulipiwa na serikali, hata katika vyuo vya kibinafsi kama Kabarak, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kujilipia. Kisima cha parallel kikakauka ndani ya muda mfupi. Walioisafisha KCSE walifanya jambo jema, na Magoha, aliyefariki Januari 2023, anastahili kukumbukwa kwa hilo. Kosa lilikuwa kwingine. Serikali iliyokausha kisima ilijua kuwa vyuo vilikuwa vikinywa humo, na haikuvichimbia kingine.

Egerton iliingia kwenye ukame huo ikiwa tayari imepungukiwa. Mapema mwaka 2013, katika wimbi la vyuo 15 vilivyopewa hati za kujitegemea Rais Mwai Kibaki alipokuwa akielekea kuondoka madarakani, matawi yake matatu makubwa yalikuwa yamejitenga: Chuka, Kisii na Laikipia. Katika wimbi hilohilo Kabianga, huko Kericho, na Maasai Mara, huko Narok, vikawa vyuo vikuu kamili. Eneo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa na chuo kikuu kimoja cha umma likajikuta na vyuo vikuu vitano, ukijumlisha Kabarak ya kibinafsi iliyopata hati yake mwaka 2008. Bajeti ya taifa haikuongezeka kwa kadiri hiyo.

Sasa mkondo umegeuka tena. Waliopata C+ na zaidi mwaka 2023 walifika 201,133. Mwaka 2024 wakafika 246,391, zaidi ya robo ya watahiniwa wote. Ni mara tatu na nusu ya wale wa 2017, katika miaka saba tu. Mtoto aliyezaliwa Njoro mwaka 2017 bado hajamaliza shule ya msingi.

Hao wapya ni akina nani?

Kwanza ni wasichana. Miaka ya JAB, ilibidi alama ya kuingilia ishushwe kwa wasichana ili angalau waonekane madarasani. Katika KCSE ya 2024, wavulana na wasichana walioketi mtihani walikuwa karibu sawa kwa idadi. Kwa Bonde la Ufa la kati jambo hili lina uzito usiosemwa na takwimu. Kuna nyumba za Narok na Baringo ambazo bibi aliozwa akiwa na miaka kumi na nne, mama aliachia darasa la sita, na mjukuu sasa anasomea uuguzi. Lakini msichana huyu anapofika, chuo alichokikuta hakikumfikiria. Ukitaka ushahidi, tafuta chuo chenye mahali pa kumwacha mtoto mchanga wakati mama yake yuko maabara, au uhesabu taa za barabara kati ya maktaba na nyumba za kupanga. Msichana anayesoma hadi saa tatu usiku kisha akatembea gizani hadi chumbani kwake analipa karo ya pili, na hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Pili ni watoto wa kibarua. Zunguka Ziwa Naivasha uone mashamba ya maua. Wanaokata na kufunga waridi zinazosafirishwa Ulaya ni wafanyakazi wa mishahara midogo, wengi wao wanawake waliotoka mbali: Siaya, Kakamega, Kisii, Nyeri. Watoto wao wamekulia katika vyumba vya Kihoto na Karagita, wakasoma shule za kutwa, na sasa wanabisha hodi. Miaka ya 1980 mtoto kama huyo alikuwa nadra chuoni. Upande wa pili wa mkoa wa zamani wa Bonde la Ufa kuna mtoto wa mfugaji wa Tiaty au Baringo Kusini, mahali ambapo uvamizi na wizi wa mifugo umefunga shule mara kwa mara. Februari 2023 hali ilikuwa mbaya kiasi cha serikali kutuma jeshi kuwasaidia polisi. Mwanafunzi aliyefanya mtihani wa kitaifa katikati ya hayo na kupata C+ amefanya kazi kubwa kuliko aliyepata A katika shule yenye ukuta na maabara nne. Mfumo wetu wa kugawa kozi haulijui hilo.

Tatu, na hili halizungumzwi vya kutosha, mwanafunzi wa leo anafanya kazi. Anauza mitumba kwa simu, anapeleka chakula kwa bodaboda, anasuka nywele chumbani, anafundisha watoto wa jirani hesabu. Kwa miaka mingi maelfu ya wanafunzi wa Kenya waliwaandikia wenzao wa Marekani na Uingereza insha kwa malipo. Biashara hiyo ilikuwa udanganyifu, na walioifanya walijua. Ilikuwa pia ushahidi kwamba vijana wetu waliweza kuandika kazi ya chuo cha ng'ambo huku wao wenyewe wakikosa nauli ya kwenda mhadharani. Sasa akili unde imekula sehemu kubwa ya soko hilo, na pengo la kodi ya nyumba limerudi palepale.

Mwingine ni yule wa zamani aliyerudi: mwalimu, afisa wa kaunti, muuguzi, mwenye familia. Huyu hatasema mengi kwenye mikutano ya wanafunzi, ila analipa, anamaliza, na anahitaji ratiba isiyovunjika.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Zamani mwanafunzi alipelekwa mbali na kwao, akapangwa chumba kimoja na mtu wa kabila ambalo nyumbani aliambiwa amwogope. Njoro, Molo na Kuresoi ni maeneo yaliyochomwa mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa 2008, na katikati yake kilikaa chuo ambacho Mkalenjin, Mkikuyu, Mluo, Mkisii na Mmijikenda walikula mesi moja. Kila kaunti kupata chuo chake kumemfaa msichana wa Narok ambaye baba yake asingekubali aende Nairobi. Kumetunyima pia ile mesi moja. Sikubaliani na wanaosema vyuo hivi vifungwe, lakini anayeona hakuna kilichopotea hajakaa Molo.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo mabadiliko yote haya yanapogongana.

Mei 2023 Rais William Ruto alizindua mfumo mpya wa ufadhili. Badala ya serikali kupeleka ruzuku moja kwa chuo, kila mwanafunzi angepimwa kwa hali ya nyumbani kwao, kisha apewe ufadhili, mkopo na kiasi cha kulipa mwenyewe. Kufikia 2024 makundi yalikuwa matano. Aliye kundi la kwanza hupata asilimia 70 ya gharama kama ufadhili na 25 kama mkopo, nyumbani wakatoa 5. Aliye kundi la tano hupata 30 na 30, nyumbani wakatoa 40. Wanaoingia vyuo vya kibinafsi huweza kuomba mkopo, lakini ufadhili hawapati.

Wazo la msingi ni zuri na nalitetea: mtoto wa jaji na mtoto wa mchuma chai wa Kericho hawafai kulipa sawasawa. Tatizo ni mizani. Mwanafunzi hujaza fomu mtandaoni kuhusu kipato cha nyumbani, ukubwa wa familia na mahali anapotoka, na kompyuta ikaamua. Kwa mwenye karatasi ya mshahara, hesabu hiyo inawezekana. Sasa chukua mkulima wa viazi wa Molo. Msimu mmoja gunia la kilo 50 linamlipa vizuri, unaofuata bei inaanguka hadi anaacha viazi shambani kwa sababu kuvichimba kunagharimu kuliko kuviuza. Kipato chake cha mwezi ni kipi? Ana ekari mbili, ng'ombe mmoja wa maziwa, na deni la mbolea. Kwenye fomu anaonekana mwenye mali. Akiuza ng'ombe alipe muhula wa kwanza, muhula wa pili utalipwa na maziwa gani? Ndiyo maana malalamiko makubwa yalitoka kwa wazazi wa aina hii, waliojikuta wamewekwa makundi ya juu wasiyoyaelewa na wakaambiwa wakate rufaa kwa mtandao uleule uliowakosea.

Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba mfumo huo unakiuka Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, na mfumo ukaendelea. Kuelekea Septemba 2025 serikali ikatangaza karo zilizopunguzwa. Wanafunzi walioingia 2022 na wale waliofuata wanaweza kukaa dawati moja wakiwa na karo tofauti kwa somo lilelile na mhadhiri yuleyule. Mzazi mwenye watoto wawili Egerton hajui cha kupanga, na katika elimu, mzazi maskini asiyeweza kupanga huwa ameshamtoa mmoja.

Nao wahadhiri? Egerton imejulikana kwa miaka kadhaa kwa mishahara iliyochelewa au kukatwa, na kwa makato ya pensheni, bima na vyama vya akiba yaliyochukuliwa kwenye mshahara yasifike yanakotakiwa. Haikuwa peke yake. Tarehe 17 Septemba 2025 wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vya umma nchini kote waligoma wakidai malimbikizo ya mkataba wa 2017 hadi 2021. Mgomo ulidumu siku 49. Serikali ilikubali kulipa shilingi bilioni 7.9 kwa awamu mbili, na masomo yakarejea Novemba. Deni lililokubaliwa lilikuwa la mkataba uliokwisha miaka minne kabla.

Siku 49 kwa mwanafunzi wa 1987 zingekuwa likizo ya kero. Angeenda nyumbani, arudi, akute kitanda chake. Kwa mpangaji wa Njokerio ni kodi ya miezi miwili kwa chumba asichokihitaji, au kukipoteza chumba na kuanza upya. Kwa mwalimu aliyeomba ruhusa ya kusoma, ni ruhusa iliyokwisha kabla ya mtihani. Kwa msichana ambaye nyumbani kuna mchumba anayesubiri majibu, ni siku 49 za kushawishiwa asirudi. Hata mama wa kibanda cha chapati anaumia, maana wateja wake wameondoka na unga kaununua kwa deni. Mgomo ni haki ya mfanyakazi, na wahadhiri waliidai haki yao baada ya kungoja kuliko inavyostahili. Lawama naiweka kwa mwajiri anayetia saini mkataba bila kuuwekea fedha, kisha akashangaa.

Wengi sasa husema dawa ni vyuo vya ufundi, na serikali imevisukuma sana. Nakuru haikuanza jana katika hilo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Bonde la Ufa, ambayo leo ni Chuo cha Ufundi cha Kitaifa cha Bonde la Ufa, ni zao la harambee za miaka ya 1970, wananchi walipochanga mbuzi na shilingi ili vijana wajifunze kazi za mikono. Kuna taasisi ya mafunzo ya viwanda mjini Nakuru, chuo cha maziwa Naivasha, chuo cha Baraka Molo, na chuo cha mafunzo ya tiba kando ya hospitali kuu. Fundi wa umeme aliyefunzwa vizuri ana nafasi Olkaria na Menengai, kwenye visima vya mvuke, ambako mwenye shahada ya jumla hana.

Naunga mkono ufundi, ila si kwa hoja hii inayotolewa siku hizi, kwamba mtoto wa maskini aende ufundi kwa kuwa chuo kikuu kimekuwa ghali. Hilo ni tabaka jipya lililovishwa ovaroli. Njia iwe wazi kupanda: mwenye cheti cha ufundi aweze kufika shahada bila kuanza upya darasa la kwanza. Tena ajira si suala la mtaala peke yake. Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri Nakuru mwaka 2014, na mtaala wa chuo haukuwa na kosa lolote katika hilo. Mji uliotangazwa jiji Desemba 2021 unahitaji viwanda kadiri unavyohitaji vyuo.

Kuna jambo moja linalonipa moyo, nalo liko hapohapo Njoro. Kituo cha utafiti wa ngano cha KALRO, shirika la umma la utafiti wa kilimo na mifugo, jirani na Egerton, ndicho mahali ambapo tangu katikati ya miaka ya 2000 wataalamu wa dunia hupeleka aina za ngano zijaribiwe dhidi ya kutu ya shina, hasa ile aina mpya ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mbegu za mabara mengine zinakuja kupimwa kwenye udongo wetu. Chuo chenye ardhi, historia ya kilimo na jirani kama huyo hakihitaji kuiga kozi za biashara za kila tawi la mjini. Kinahitaji kulipa wahadhiri wake, kukarabati maabara, na kumpeleka mtoto wa mkulima wa viazi shambani akiwa na hadubini.

Hukumu yangu ni hii. Tatizo la vyuo vya Bonde la Ufa la kati halijaletwa na wingi wa wanafunzi, na anayependekeza tuwapunguze anataka kurudisha lango la zamani. Serikali ilipanua mlango kwa mkono mmoja na kwa mwingine ikapunguza mkate mezani, huku ikimwambia kila familia kwamba njaa hiyo ni ya kwake peke yake. Gharama ya kumsomesha mwanafunzi iandikwe katika sheria ya bajeti na ilipwe kamili chuo kikiwa bado wazi. Kupimwa kwa familia kusimamiwe na watu wanaojua msimu wa viazi na bei ya maziwa, wakiwemo machifu na walimu wakuu, na rufaa isikilizwe kabla muhula haujaanza. Kaunti ya Nakuru, inayokusanya ada za biashara Njokerio, iweke huko taa, maji na mtaro. Na kila bewa liwe na mahali pa kumwacha mtoto.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Watamaliza shule mwaka 2028 na kufika vyuoni 2029, wakiwa wamefundishwa kwa namna ambayo wahadhiri wengi hawajawahi kuifundisha wala kuisoma. Kati ya siku walipoingia Gredi ya 10 na siku watakapofika langoni Njoro, bajeti nne zitasomwa bungeni, moja kila Juni. Msomaji mwenye mtoto katika darasa hilo, amwendee mbunge wake kabla ya kila moja ya hizo nne.